Nyota katika taya la mtoto

Kipande chembamba cha uvimbe uliotolewa katika taya la mtoto, kikishatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, kinaonekana kama usiku. Seli za saratani zimebanana, za buluu iliyokolea, kila moja ikifanana na jirani yake, bila hata upenyo. Humo gizani yametawanyika madoa meupe, moja huku, jingine kule. Wataalamu wa maabara waliyaita anga lenye nyota, na jina hilo limedumu. Daktari yeyote anayejifunza limfoma ya Burkitt hulikuta katika kurasa za mwanzo.

Nyota hizo si saratani. Ni seli za mtoto mwenyewe, walinzi wa mwili wake, ziitwazo makrofaji, jina lililotoka katika Kigiriki lenye maana ya mlaji mkubwa. Zinaonekana nyeupe na zimenenepa kwa sababu matumbo yao yamejaa mabaki ya seli zilizokufa. Zimeingia ndani ya uvimbe kufanya kazi zilizoumbiwa: kula uchafu, kusafisha, kutuliza. Linalouma ni kwamba kazi hiyo njema, ikifanywa mahali pale, inaulisha uvimbe.

Kwa watu wa Bunia, mji wa Ituri, mashariki ya Kongo, hadithi hii haitoki mbali. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine. Mwaka 1958 akaandika juu yao, na mwishoni mwa 1961 akaondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka kwa majuma kumi kiasi cha kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Williams alikuwa daktari mmisionari wa Kuluva, karibu na Arua, katika eneo la West Nile. Kutoka Aru, upande wa Ituri, hadi Arua ni mwendo mfupi wa kuvuka mpaka, na Walugbara na Waalur wana ndugu pande zote mbili. Mbu ni wale wale, mvua ni ile ile, na ugonjwa nao haukuuliza pasipoti.

Swali la insha hii, hata hivyo, halikuzaliwa maabara. Linaulizwa kitandani, na Bunia ina maneno yake: nani amemtupia mtoto huyu?

Kiswahili cha Kongo kimeyapanga mambo haya kwa namna yake. Munganga ni daktari wa hospitali, mwenye koti jeupe na karatasi za dawa. Mufumu ni yule anayetazama na kusema ugonjwa umetoka kwa nani. Mulozi ndiye anayeutuma. Kati ya hao, siku hizi, kimesimama chumba cha maombi, ambako mchungaji au nabii hufunga na kukesha pamoja na familia, na mara nyingine huishia kwa kumtaja mtu: shangazi asiye na mtoto, mke mwenza, bibi mzee anayelala peke yake. Familia yenye mtoto aliyevimba uso inaweza kupita kwa munganga, mufumu na mchungaji ndani ya mwezi mmoja. Kuwacheka watu hao ni kukosa adabu, na pia ni kukosa kuelewa swali lao.

Swali lenyewe lina mantiki. Edward Evans-Pritchard, Mwingereza aliyeishi na Wazande upande wa Sudan mwishoni mwa miaka ya 1920 (ndugu zao wako Haut-Uélé, kaskazini mwa Ituri), aliliandika vizuri katika kitabu chake cha 1937. Watu wamekaa kivulini chini ya ghala la nafaka, jua kali la mchana. Ghala linaanguka, linawaumiza. Wazande wanajua kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Hilo halihitaji mzungu kulieleza. Wanachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ile ile ambayo watu hao wamekaa chini yake, lisianguke jana, lisianguke juu ya wengine. Mchwa hawajibu hilo. Uchawi unalijibu.

Sayansi ya limfoma ya Burkitt, baada ya zaidi ya miaka sitini, inawajua mchwa wake kwa undani. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakiwa London, waliona kirusi kipya katika seli zilizotumwa kutoka Kampala; leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Malaria ya mara kwa mara inazifanya seli za kinga zigawanyike kwa haraka, hadi siku moja kipande cha kromosomu namba 8 kinakatika na kujishikiza mahali si pake, mara nyingi katika namba 14, na jeni inayoamuru seli igawanyike inabaki imewashwa. Mengi ya haya yamethibitishwa. Lakini kirusi hicho kimo katika zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na malaria haimwachi mtoto hata mmoja wa Ituri. Kwa nini basi huyu, asiwe yule wa nyumba ya pili? Hapo mwanasayansi anasema ni bahati mbaya, na mama anasikia kwamba hajajibiwa. Ghala la Wazande bado limeanguka.

Makrofaji haziwezi kumpa mama jibu la kwa nini. Zinaweza kumsaidia kwa jambo jingine, na si dogo: zinamwondoa mshtakiwa.

Ili kuliona hilo inafaa kurudi kwenye ugunduzi wenyewe. Mwaka 1882 Mrusi Élie Metchnikoff, akiwa Messina, Italia, alichukua miiba bustanini akawachoma nayo viluwiluwi vya kiti cha pweza, viumbe vya bahari vinavyopenyeza mwanga kama kioo. Asubuhi yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba pande zote, kana kwamba zimeitwa. Alikuwa ameona walaji wakiwa kazini, na mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Tangu hapo makrofaji zimejulikana kama askari. Sifa hiyo ni nusu tu ya kweli, na nusu iliyosahauliwa ndiyo inayohusika hapa.

Mtoto akijikata kwa panga, makrofaji hufika kidondani na kufanya kazi mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza zinapigana: zinameza vijidudu, zinapiga kelele ya kemikali ili wengine waje. Baada ya siku chache zinabadilika tabia. Zinanyamazisha kelele, zinaita mishipa mipya ya damu, zinaamuru nyuzi za ngozi zishonwe, zinawaambia askari wengine warudi kambini. Bila awamu hii ya pili kidonda kingebaki kinawaka maisha yote. Makrofaji ni askari na ni muuguzi, na kinachoamua ni ishara zinazozifikia mahali zilipo.

Uvimbe unatoa ishara za kidonda. Harold Dvorak wa Boston aliliandika hilo mwaka 1986: uvimbe unafanana na jeraha ambalo haliponi. Unatuma ujumbe ule ule wa nyama iliyoumia inayoomba msaada, makrofaji zinaitika, na zikifika zinakuta mazingira yanayosema vita vimekwisha, sasa ni wakati wa kuuguza. Basi zinauguza. Zinaletea uvimbe mishipa ya damu. Zinazituliza seli T, ambazo zingeweza kuua saratani. Katika limfoma ya Burkitt, watafiti wa Edinburgh walionyesha mwaka 2015 kwamba zile seli za saratani zinazokufa, na makrofaji zinazovutwa kuja kuzila, husaidia seli zilizobaki hai kuendelea kukua. Kila nyota katika lile anga ni muuguzi anayemhudumia muuaji wa mgonjwa wake, huku akiamini anamhudumia mgonjwa.

Hapo ndipo theolojia inapata kazi. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, alihangaika miaka mingi na fundisho lililosema uovu ni kitu chenye asili yake, jeshi la giza linalopigana na jeshi la nuru. Alikuja kuliacha. Uovu, alisema, hauna mwili wake mwenyewe. Ni wema uliopungukiwa, wema uliopinda. Mafundisho mengi ya vyumba vya maombi yameurudia ule upande alioukimbia Agostino: ugonjwa ni kitu kilichotumwa, kina mwenyewe, kina jina. Uvimbe wa taya unawapinga. Ukiupekua seli kwa seli, hukuti kitu cha kigeni kilichotumwa na mtu. Unakuta seli ya mtoto iliyokosea kugawanyika, ikizungukwa na seli za mtoto zinazotii. Hata kirusi chenyewe kiliingia kwa mate, pengine ya mama aliyemtafunia mwanawe chakula kwa upendo.

Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumtaka Yesu achague mwenye kosa: yeye mwenyewe, au wazazi wake? Anakataa machaguo yote mawili, kisha anainama chini na kuanza kufanya dawa kwa udongo. Wahubiri wengi huharakia muujiza. Linalostahili kukawiwa ni lile kukataa, kwa sababu katika mji ambako bibi mzee anaweza kufukuzwa kwake kwa sababu ya homa ya mjukuu, kukataa kumtaja mtu ni tendo la kuokoa maisha. Waislamu wa Bunia hawako mbali na jambo hili: wao pia hufundishwa kwamba kila ugonjwa umeumbiwa dawa yake, na anayeamini hivyo hutafuta dawa kabla ya kutafuta mtu.

Madaktari nao wamegawanyika kuhusu la kufanya na walinzi waliopotoka, na mgawanyiko wao unasikika kama mjadala wa kanisa. Upande mmoja unasema: waangamizwe. Kuna dawa zinazokata ishara ambayo makrofaji zinaihitaji ili ziishi. Mojawapo, pexidartinib, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa uvimbe fulani wa viungo uliosheheni seli za jamii hiyo, nayo inafanya kazi, ingawa inaweza kudhuru ini vibaya. Katika saratani nyingi nyingine kuua makrofaji peke yake kumeleta manufaa kidogo.

Upande wa pili unasema: wageuzwe. Zirudishwe katika awamu ya kwanza, zikumbushwe vita. Hapa iko dawa ya zamani ambayo kila mzazi wa Bunia anaijua bila kujua kwamba anaijua: BCG, chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu dogo mkononi mwa mtoto. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kanada alitoa matokeo ya kuimimina chanjo hiyo ndani ya kibofu chenye saratani, na hadi leo ni tiba ya kawaida ya saratani changa ya kibofu. Vijidudu vilivyodhoofishwa vinaziamsha seli za kinga pale pale, makrofaji zikiwemo.

Jaribio kubwa zaidi la kuzigeuza lilihusu beji. Kila seli yenye afya hubeba juu yake protini iitwayo CD47, inayoiambia makrofaji: usinile. Saratani nyingi huibeba kwa wingi. Watafiti wa Stanford, wakiongozwa na Irving Weissman, walitengeneza kingamwili ya kuifunika beji hiyo, na mwaka 2018 matokeo ya wagonjwa 22 wa limfoma waliopewa dawa hiyo pamoja na rituximab, kingamwili nyingine, yaliwafurahisha wengi: kwa nusu yao uvimbe ulirudi nyuma. Kisha majaribio makubwa ya saratani nyingine za damu hayakuonyesha faida, na mwaka 2024 kampuni iliyokuwa ikiiendeleza iliacha kuijaribu kwa saratani hizo, moja ya majaribio hayo likiwa limeonyesha hatari zaidi ya kifo. Chembe nyekundu za damu huvaa beji ile ile. Kuifunika ni kuwaanika na wasio na hatia.

Pamoja na hayo, njia hii haijafungwa. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2018 ilikwenda kwa James Allison na Tasuku Honjo, waliogundua jinsi ya kuzifungulia breki seli T. Dawa za Allison na Honjo zimewaponya watu waliokwisha kuagwa, lakini kwa wagonjwa wengi hazifanyi kitu, na sababu mojawapo ni makrofaji zilizozizibia seli T njia. Kwa hiyo maabara nyingi sasa zinataka kuunganisha mambo mawili: kufungua breki, na kumshawishi mlinzi afungue lango.

Na kuna visa vichache ambavyo mchungaji yeyote angependa kuvisikia. Wataalamu wa maabara wameeleza limfoma za Burkitt ambazo makrofaji ndani yake zilikuwa katika hali ya vita, zimejipanga vikundi vikundi, na katika baadhi ya wagonjwa hao uvimbe ulinywea bila dawa kali. Ni nadra sana. Anayesali kwa ajili ya mtoto hana sababu ya kuona haya kwa kusali. Mwili wenyewe umeonyesha kwamba mlango huo upo. Ila hakuna anayejua namna ya kuufungua kwa makusudi, na mzazi hawezi kuukalia akisubiri.

Mfano huu wa mwili na walinzi wake una hatari, na Ituri ndipo mahali pa kuisema kwa sauti. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Mtume Muhammad naye aliwafananisha waumini na mwili mmoja. Ni mifano ya upendo. Lakini mtu akishaizoea, ni rahisi kugeuza upande wa pili na kuanza kuita kabila fulani saratani. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji waliingia Nyankunde, kilomita chache zaidi ya arobaini kutoka Bunia, katika kituo cha tiba kilichokuwa fahari ya mashariki yote. Wagonjwa walichaguliwa vitandani kwa kabila lao. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa hospitalini na mjini siku hizo. Waliofanya hivyo walifanya kana kwamba wanausafisha mwili.

Kwa hiyo neno liruhusiwe kwenda upande mmoja tu. Inafaa kuiita makrofaji mlinzi, muuguzi, hata mlinzi aliyedanganywa, maana seli haiumii kwa jina. Kumwita mtu seli ya saratani haifai kamwe. Makrofaji haiwezi kuulizwa kwa nini ilitii. Kijana aliyeshika bunduki huko Djugu, Ituri, anaweza kuulizwa, anaweza kujibu, anaweza kutubu au kukataa, na anaweza kushtakiwa. Mwaka 2004 na 2005 wapiganaji wapatao 15,000 wa Ituri walirudisha silaha katika mpango wa serikali na Umoja wa Mataifa. Wengine walirudi msituni baadaye. Hao walikuwa na sababu na hatia ambazo hakuna hadubini itakayozionyesha.

Kinachobaki ni muda. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Juma la mkesha wa kumtafuta mulozi ni juma ambalo uvimbe umeongezeka mara nyingi. Na ni saratani inayotibika. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya 1960, aliona watoto wakipona kwa dozi chache za siklofosfamidi, dawa ambayo hata leo ni ya bei nafuu, na kituo cha limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967 ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri, dawa za kemikali zikiunganishwa na rituximab, zaidi ya watoto tisa kwa kumi huishi. Rituximab ni kingamwili inayoishika seli ya saratani na, pamoja na kazi zake nyingine, kuionyesha makrofaji: huyu ndiye, mle. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Dawa mpya za kufungua breki, kwa upande wao, zinagharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka Marekani, na mwenye mtoto mgonjwa katika mtaa wa Mudzipela, Bunia, hana haja ya kuambiwa maana ya tarakimu hiyo. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kusema, siku ya kwanza, kwamba taya hilo lipelekwe kwa munganga, na kipande kikatwe kikaangaliwe.

Mtu huyo, mara nyingi, atakuwa mchungaji, padre au imamu, kwa kuwa kwake ndiko familia inakopita kwanza. Burkitt alikuwa Mkristo wa kusali kila siku, na Williams alikwenda Kuluva kwa wito wa umisionari. Katika majuma kumi ya safari yao hawakumwuliza mtu yeyote nani amemroga mtoto. Waliuliza wapi na lini, wakaandika. Daftari za Kuluva, zenye kijiji na tarehe ya kila mtoto, zilisaidia kuonyesha kwamba wagonjwa walitokea kwa makundi, mahali fulani na msimu fulani. Kwa sababu hiyo, kati ya 1972 na 1974, watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile waliokuwa wazima, wakaihifadhi kwenye barafu. Kufikia 1977 watoto 14 kati yao walikuwa wameugua. Damu yao ya zamani ilipoyeyushwa, ilikutwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr, zilizokuwamo tangu siku ambayo mama zao waliwashika mikono ili wachomwe sindano.